Aya Niliyoifuta kwenye Risala

Jumamosi, Oktoba. Upepo umevuma tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka kwenye kabati la vyombo, na mvua bado sana. Mashambani yamebaki mabua ya alizeti tu. Nimekaa kizingitini na simu mkononi, mtandao unakuja na kuondoka utakavyo. Naandika kabla giza halijaingia, maana najijua: nikiyalalia haya, kesho nitaamka nimeshajitungia utetezi mzuri wenye utangulizi na hitimisho.

Leo yalikuwa mahafali ya kidato cha nne.

Nimeharibu.

Kwa anayeipitia shajara hii ya mtandaoni mara ya kwanza, mimi ni mwalimu wa Uraia na Kiswahili katika sekondari moja ya kata, kando ya barabara kuu, kabla hujafika Iguguno. Nimezaliwa Singida mjini kwa watu wa duka. Marehemu baba aliuza kanga na vitenge sokoni. Nyumbani walitaka niwe mhasibu. Nilipochaguliwa ualimu mama alilia kidogo, kisha akasema, "Haya, angalau ni mshahara wa serikali." Ndivyo ualimu unavyopokelewa siku hizi, kama mvua ya kuchelewa. Siyo uliyoitaka, lakini utapanda tu.

Wanafunzi wangu nao hawautaki. Mwanzoni mwa mwaka niliwauliza kidato cha kwanza wanataka kuwa nani. Nikapata marubani, madaktari, mameneja wa benki na mtangazaji mmoja wa redio. Mwalimu hakuna hata wa dawa. Sikukasirika, wanaviona viatu vyangu. Kinachonisikitisha ni kwamba hao marubani hawajawahi kufundishwa fizikia hata kipindi kimoja, kwa kuwa mwalimu wa fizikia alihama na hajaletwa mwingine. Sisi tunawaambia wasome kwa bidii, utadhani bidii ndiyo iliyokosekana.

Wakubwa husema zamani mtoto wa waziri na mtoto wa mkulima walikaa dawati moja. Sijui kama ilikuwa kweli kiasi hicho, wazee nao huyapamba ya kwao. Ila najua leo biashara ni huria na shule nazo zimekuwa huria. Mwenye nacho mwanawe anafuatwa mlangoni na basi la njano la shule ya Kiingereza. Asiye nacho anatuletea sisi. Na nikiri hapa hapa: mwanangu anaishi mjini kwa bibi yake, na kila asubuhi anapanda hilo basi la njano. Mshahara ninaoupata kwa kufundisha watoto wa wenzangu ndio unaomwezesha wangu asisome ninapofundisha. Sijawahi kulisema hili ofisini kwetu, ingawa nadhani wenzangu wanajua.

Halafu kuna siasa. Tangu vyama vingi viingie, kila mtu amepangiwa chama chake bila kuulizwa. Ukiuliza maji ya bomba yatatoka lini, wewe mpinzani. Ukinyamaza, wewe mwanachama. Kijana wa pikipiki na jinzi ni wa upinzani. Mama aliyevaa kitenge cha sare ni wa chama tawala, hata kama alikichukua kwa sababu kilikuwa cha bure na hakichuji. Sisi walimu tumeandikwa kotekote. Wilayani wanatushuku kwamba tunawatia watoto maneno. Huku senta, kwenye maduka ya barabarani, mama muuza nyanya aliwahi kuniambia huku akicheka, "Madam, safari hii msituibie kura," kwa kuwa tu aliniona nimekaa nyuma ya meza kituoni siku ya uchaguzi. Nilicheka naye. Nyanya alinipunja vilevile.

Darasani nayakemea mambo hayo. Nasema mtu asihukumiwe kwa kofia aliyoivaa. Mada ya haki ya kutoa maoni nimeifundisha miaka mingi, na naifundisha vizuri, nasema bila aibu. Wanafunzi wananakili, wanakariri, mtihani ukija wanataja sifa za jamii ya kidemokrasia bila kukosea hata moja, nami nawawekea vema.

Sasa hii risala.

Huku kwetu mahafali bila risala si mahafali. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne anasimama mbele ya mgeni rasmi na kusoma historia ya shule, mafanikio, kisha changamoto. Mgeni rasmi anasikiliza ameshika kalamu. Zamu yake ikifika anajibu risala, jambo moja baada ya jingine, kwa mpangilio uleule. Lililosomwa litajibiwa, hata kwa ahadi ya uongo. Lisilosomwa ni kama halipo. Kanuni hiyo anaijua kila mtu, kuanzia Mkuu wa shule mpaka mpishi. Na kwa desturi risala huandikwa na mwalimu wa Kiswahili, yaani mimi. Mwanafunzi kazi yake ni sauti na koti la kuazima.

Mwaka huu nilijitia mwanamapinduzi, nikamwachia Yunisi aiandike mwenyewe.

Yunisi ni binti mrefu, mkimya, wa wale wanaouliza swali baada ya kengele kulia. Kwao ni vijiji vya ndani, mbali. Yeye na mdogo wake Debora, wa kidato cha kwanza, wamepanga chumba hapa senta, nyuma ya mahali malori yanapolala. Wanafunzi vyumba hivyo wanaviita geto. Baba yao analima alizeti na vitunguu, na juu ya nyumba yake inapepea bendera ya chama cha upinzani, ya pekee kijiji kizima. Sijawahi kufika kwao, lakini habari ya bendera nilikuwa nayo. Habari za namna hiyo hutembea zenyewe.

Nilimwambia, "Andika mnayoishi, siyo mnayodhani tunataka kusikia." Nilijisikia vizuri sana kusema hivyo.

Akaandika. Jumatano akaniletea. Historia ilikuwa fupi, mafanikio mafupi zaidi, na hapo alikuwa na haki. Kisha ikaja aya ya changamoto. Naiandika hapa kwa kuwa naikumbuka yote:

"Mgeni rasmi, wasichana wengi wa shule hii tunatoka mbali na tumepanga vyumba barabarani. Mlango wa chumba chetu hauna komeo. Usiku tunausukumia ndoo ya maji, ili mtu akiufungua tusikie. Wenzetu walioacha shule kwa sababu ya maisha haya tunawajua kwa majina, lakini hatutawataja, kwa sababu tunawaheshimu. Wakati wa kampeni tuliahidiwa bweni. Tunaomba kujua limefikia wapi."

Nilianza kuisoma nimesimama. Nilimaliza nimekaa.

Na badala ya kuifikiria ile ndoo, niliifikiria bendera. Hapo ndipo panaponichoma. Mgeni rasmi tuliyemwalika ni mfanyabiashara, ana kinu cha kukamulia mafuta ya alizeti, ni mtu wa chama tawala, na minong'ono ilikuwa inasema anautaka udiwani au zaidi ya hapo. Nikamwona kichwani mwangu akikunja uso kwenye neno "kampeni". Nikawaona wakubwa wakimuuliza Mkuu nani kaandika. Nikajiona nahamishiwa Rungwa kwenye nyuki na tembo, na mwanangu nikimwona mara moja kwa muhula.

Nikamuuliza Yunisi, "Haya maneno kakupa baba yako?"

"Hapana, Madam. Baba hata habari ya ndoo hajui. Angejua angeshatutoa."

Risala nikaipeleka kwa Mkuu. Mkuu wetu ni mtu mwema aliyebakiza muda mfupi astaafu, na mtu wa namna hiyo hapendi mikwaruzo. Akasoma, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Mwalimu, wewe ndiye mtaalamu wa lugha," akasema. "Utaona mwenyewe." Ningependa sana kuandika hapa kwamba aliniamuru. Hakuniamuru.

Nikachukua kalamu nyekundu nikaifuta aya nzima. Ningeweza kufuta zile sentensi mbili za kampeni na ahadi, nikauacha mlango na ndoo. Wazo hilo rahisi limenijia leo mchana, halina faida tena. Mahali pa aya nikaandika kwamba changamoto ndogondogo zilizopo ni uhaba wa jezi na mipira. Nikamwita Yunisi nikamwambia risala ina adabu zake, mambo ya ndani hayaanikwi mbele ya wageni, ataelewa akikua.

"Sawa, Madam," akasema, akaipokea kwa mikono miwili.

Leo basi. Turubai lilikuwa linapigwa na upepo mpaka mwalimu wa Jiografia, aliyeshika kipaza sauti, akawaomba vijana wakalie kamba. Wazazi walijaa. Yunisi akaitwa. Nikiri na hili: nilimwogopa. Nilijisemea, huyu ni binti wa mpinzani, akikishika kipaza sauti tu atasoma ya kwake. Mimi, nikemeaye watu wanaohukumiana kwa kofia.

Alisoma niliyompa, neno kwa neno. Alisoma jezi na mipira kwa sauti iliyonyooka, akapiga goti kidogo mbele ya mgeni, akarudi kukaa.

Mgeni rasmi akasimama. Sikuwa nimewahi kumwona kwa karibu. Nilimtarajia mtu mnene mwenye hasira za karibu. Kumbe ni mwembamba, anaongea taratibu, shati limepauka mabegani. Akajibu risala. Jezi na mipira, alisema, amesikia, na kwa bahati vipo kwenye gari, vijana wakavishushe. Watu wakapiga makofi. Kisha akasita, akageuza kikaratasi chake upande wa pili kama mtu aliyetegemea kukuta kitu kule.

Akasema yeye na wafanyabiashara wenzake wamechanga saruji na mabati ya bweni moja la wasichana. Walikuwa wamealikwa kwenye mahafali ya shule kadhaa za kata, wakakubaliana bweni liende pale ambapo wanafunzi wenyewe watalilia kwa vinywa vyao, kwa sababu walimu na madiwani kila mmoja huvutia kwake. "Mimi nilipokuwa nakuja hapa, kwa jinsi mlivyo barabarani, nilijua ni hapa," akasema. "Lakini risala imeniambia shida yenu ni jezi. Nawapongeza sana. Wenzenu wa jana walililia bweni, basi tutawapelekea wao."

Makofi tena. Na mimi nilipiga.

Yunisi sikuthubutu kumtazama. Nilimtazama Debora, amekaa mbele na wenzake wa kidato cha kwanza, sare imemzidi mabega. Alikuwa amegeuka nyuma, anamtafuta dada yake kwa macho. Aliijua ile aya. Nadhani waliiandika pamoja mle chumbani.

Ningeweza kusimama. Nimelizungusha hili jioni nzima na siachi kulirudia. Ningenyoosha mkono nikasema, samahani mgeni rasmi, kuna aya moja imeachwa kwa makosa yangu, naomba mwanafunzi aisome. Watu wangeguna, Mkuu angekohoa, na mimi ningeonekana sina adabu kwa siku mbili tatu. Kisha maisha yangeendelea, na bweni pengine likaja. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki nikarekebisha mtandio.

Wakati wa chakula Mkuu alijaribu. Alimwambia mgeni, kwa kuzunguka sana, kwamba hata sisi bweni tungelipenda, ila tuliona tusimchoshe. Mgeni akauweka chini mfupa wa kuku.

"Sasa mbona hamkusema?"

Mkuu akanitazama. Nikasema tulihofu isije ikachukuliwa kisiasa.

Akacheka, siyo kwa furaha. "Mwalimu, mimi nakamua alizeti. Anayeniletea gunia simuulizi kadi ya chama." Akasema neno ameshalitoa mbele za watu, hawezi kulimeza. Labda mwaka ujao, Mungu akijalia. Akaomba maji ya kunawa.

Nilidhani siku imeishia hapo, na kwamba majuto yangu ni ya saruji na mabati. Nilikuwa nyuma ya darasa nasimamia uoshaji wa masufuria alipokuja baba yake Yunisi, anakokota baiskeli. Alikuwa amevaa koti la kanisani na viatu vilivyopigwa rangi. Sijui nilitarajia avae nini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Pole na kazi."

Akaanza kwa kushukuru, kirefu, kama wafanyavyo watu wazima wa huku kabla ya kufikia lililowaleta. Alishukuru kwamba tumemlea binti yake mpaka amefika mwisho. Alishukuru kwa chakula. Kisha akasema Debora anaondoka naye leo leo. Alikubali mdogo apange senta kwa sababu mkubwa yupo, na kwa sababu Yunisi alimwambia mwaka huu wataliomba bweni kwenye risala, basi akaona avumilie. Sasa bweni limekwenda kwingine. Yunisi anamaliza mtihani mwezi ujao, na mtoto mdogo hawezi kubaki peke yake barabarani. Atakaa nyumbani kwanza. Tutaona.

Nawafahamu wasichana walioambiwa "tutaona". Wawili wananiuzia maandazi.

"Huyu mkubwa nimemkaripia sana," akaendelea, na sauti yake ikashuka. "Nimemuuliza, mbona bweni hukulisema? Anasema alipowaona watu wengi aliogopa, akaruka mstari. Mimi nilidhani mtoto wangu si mwoga. Lakini ndivyo anavyosema mwenyewe. Sasa, mwalimu, naomba umtie moyo, asije akaogopa na mtihani."

Yunisi alikuwa amesimama pembeni ya ukuta, ameshika mfuko wa nguo za mdogo wake. Macho yake yalikuwa mekundu. Alinitazama mara moja tu, wala hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri kuona nitafanya nini.

Nikasema, "Nitamtia moyo, baba."

Hayo ndiyo niliyoyasema. Maneno matatu, na kila moja lilikuwa uongo. Akaniaga kwa heshima, akampakia Debora kwenye keria ya baiskeli, akamwambia kitu kwa Kinyiramba, mtoto akashika koti lake. Dada yake aliwasindikiza mpaka kwenye lami. Debora hakumuaga. Alikuwa ameangalia upande mwingine, ule wa mashamba, mpaka wakapotelea kwenye vumbi.

Jioni nilipopita kisimani niliwasikia wasichana wa kidato cha pili wakisema Yunisi ndiye aliyewakosesha bweni. Mmoja aliongeza kwamba anaringa tu na Kiswahili chake, kumbe mwoga. Waliponiona walinisalimia vizuri. Niliwaitikia nikapita na ndoo zangu.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini alidanganya. Hakuwa na sababu ya kuniheshimu. Labda aliogopa kwamba baba yake angekuja kunifokea mbele ya mgeni, watu wakasema si mnaona, wapinzani hao. Labda alimlinda baba yake kuliko mimi. Labda aliona tu kwamba mwalimu wake amekaa kimya, basi naye akakaa upande huo kwa sababu ndivyo nilivyomfundisha kwa vitendo, miaka minne, bila kuandika ubaoni. Sijui. Ningemuuliza, lakini aliporudi kutoka lamini alipita mlango wa nyuma.

Nasema tunawatarajia watoto hawa wafaulu. Si kweli kabisa. Tunawatarajia wasitusumbue. Anayenyamaza tunamwita mwenye nidhamu, anayesema tunamtafutia chama. Nimeyaona haya kwa wengine kwa muda mrefu na nikayacheka, na Jumatano ile, peke yangu mezani, bila kulazimishwa na mtu, nikayafanya kwa kalamu nyekundu.

Nina chumba cha pili kwenye nyumba hii ya mwalimu. Kimejaa magunia ya mahindi na baiskeli mbovu ya mwanangu. Debora anaweza kuenea, hata kesho. Nimeshakipima kwa macho. Lakini nimejikataza kuanza na hilo, kwa sababu najua ninavyotaka kulitumia: nifike kwao na zawadi mkononi, nishukuriwe, na lile jingine nisiliseme kamwe. Kwanza baba yao aambiwe kweli. Akitaka kumleta mwanawe kwa mtu wa namna yangu, ataamua yeye.

Itabidi aijue na ndoo. Hilo linanitisha kuliko yote.

Kesho ni Jumapili, watakuwa kanisani. Nitawasubiri watoke. Jumatatu kwenye paredi nitasema mbele ya shule nzima nani aliyefuta, kabla Yunisi hajaingia kwenye mtihani na jina ambalo si lake. Mkuu hatapenda. Kama ni Rungwa, basi nitakwenda nikafundishe huko.

Nimeusoma tena ukurasa huu tangu juu. Unasomeka vizuri, na hilo linanitia wasiwasi, maana nimeshajihisi nafuu na sijafanya kitu bado. Kukiri kwako, shajara, ni rahisi. Wewe hukumkaripia binti yako kwa kosa langu.

Kesho naenda kwa aliyemkaripia.